Mkopo Mdogo wa Nyumba kwa Familia Inayojiajiri

Mkopo mdogo wa nyumba ni fedha ambayo familia ya kipato kidogo hukopeshwa ili ikamilishe hatua moja ya ujenzi au ukarabati wa makazi yake: kupaua, kumwaga jamvi, kujenga choo, kuweka milango na madirisha, kuingiza maji au umeme. Kiasi chake si kikubwa, marejesho yake ni ya miezi kadhaa hadi miaka michache, na kwa kawaida dhamana yake ni akiba ya mkopaji, wadhamini wenzake au kikundi chake. Hapo ndipo unapotofautiana na mkopo wa rehani, ambao hulipwa kwa miaka kumi, kumi na mitano au zaidi, na ambao huifunga nyumba yenyewe kwa benki mpaka shilingi ya mwisho irudishwe.

Katika makala haya tunawazungumzia hasa waamini wanaojiajiri: mama lishe, fundi cherehani, mwenye genge, muuza mitumba, fundi seremala, mfugaji wa kuku wa mayai. Ndio wengi katika parokia zetu za mijini, na ndio wanaotujia wakiwa na fomu ya mkopo mkononi. Huuliza maswali matatu: kama mkopo wa riba ni halali kwa Mkristo, kama mkopo huo ni salama, na kama Padre anaweza kuwawekea sahihi. Tutayajibu yote, lakini si kwa mpangilio huo, kwa maana swali la usalama ndilo linalohitaji maelezo marefu zaidi.

Nyumba ambayo pia ni mahali pa kazi

Mtumishi wa ofisi huondoka nyumbani asubuhi kwenda kazini. Familia tunayoizungumzia haiondoki. Vitumbua hukandwa na kuchomwa jikoni kabla ya mapambazuko. Cherehani husimama barazani. Dirisha la mbele ni duka. Friji ya sebuleni hugandisha barafu na juisi za kuuzia watoto wa shule. Banda la kuku limeegemea ukuta wa nyuma. Paa likivuja juu ya gunia la unga au vitambaa vya wateja, familia hiyo imepata hasara ya biashara, si usumbufu wa makazi tu. Umeme ukiingizwa, saa za kazi zinaongezeka. Chumba kimoja kikikamilika na kupangishwa, kodi yake huwa kipato ambacho hakitegemei afya ya mama wala hali ya soko.

Jambo hili, ambalo kila mwanamke wa uswahilini analijua, liliwahi kuzua mvutano nchini Bangladesh. Benki ya Grameen, iliyokuwa imeanza kuwakopesha wanawake maskini wa vijijini kwa ajili ya biashara ndogo, ilitaka kuwakopesha pia fedha za nyumba. Mwanzilishi wake, Profesa Muhammad Yunus, ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba benki kuu ya nchi hiyo ililikataa ombi la kwanza kwa hoja kwamba fedha kidogo kiasi kile haziwezi kujenga kitu kinachostahili kuitwa nyumba. Ombi likaandikwa upya, safari hii likitaja mahali pa kujisitiri tu. Likakataliwa kwa kuwa kujisitiri ni matumizi, si uzalishaji. Likapelekwa mara ya tatu likiwa ombi la mikopo ya viwanda, kwa maelezo kwamba wanawake wale hufanya kazi nyumbani, na kwa hiyo nyumba zao ndizo viwanda vyao. Hata hilo halikupita kwa urahisi, lakini mwishowe idhini ilipatikana, na mwaka 1984 mikopo hiyo ikaanza kutolewa.

Yafaa tuangalie masharti yake. Hakukopeshwa mtu mgeni: mkopaji alipaswa kuwa mwanachama aliyekwisha kulipa vizuri mikopo yake ya biashara. Kiwanja kilipaswa kuwa kwa jina lake yeye mwanamke, ili mume akimwacha asibaki bila pa kukaa. Nyumba ilikuwa na nguzo nne za zege, paa la bati na choo. Kuta familia ilijijengea kwa vitu inavyovipata, iwe mianzi au udongo. Katika nchi ya mafuriko hesabu hiyo ilikuwa na busara yake, kwani maji yakizichukua kuta, nguzo na paa hubaki. Mwaka 1989 mpango huo ulipewa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo.

Tusiyasome hayo tukadhani kwamba mkopo mdogo hufuta umaskini. Mwaka 1990 na kitu na 2000 na kitu ndivyo ilivyotangazwa duniani kote, na wengi wakaamini. Mwaka 2015 zilichapishwa kwa pamoja tafiti sita zilizofanywa Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Moroko, zikilinganisha watu waliofikiwa na mikopo midogo na wale ambao hawakufikiwa. Zilionyesha kwamba mikopo hiyo huwapa watu nafasi zaidi ya kuchagua na huwasaidia wengine kukuza biashara, lakini kwa wastani haikubadilisha kipato cha familia kwa kiasi kilichokuwa kikidaiwa. Kwa maoni yetu, ndiyo sababu ya kuutazama mkopo wa nyumba kwa macho makavu: ni kifaa cha kazi moja, na kazi hiyo lazima ichaguliwe vizuri.

Hatua ipi ikopewe

Sehemu kubwa ya nyumba za watu wa kipato kidogo nchini Tanzania hujengwa kidogo kidogo, kwa miaka mitano, kumi, hata ishirini. Kiwanja hununuliwa kwanza. Kisha tofali huanza kurundikwa: hamsini mwezi huu, mia mwezi ujao. Wachumi wengine huliita jambo hili upotevu wa fedha. Sisi hatukubaliani nao sana. Tofali ni akiba ambayo shemeji hawezi kuikopa, wala haiwezi kutumika kwa haraka katika jioni moja ya udhaifu. Saruji ndiyo isiyofaa kuwekwa akiba, kwa sababu mfuko ukikaa muda mrefu, hasa majira ya mvua, huganda na kuwa jiwe.

Ubaya wa ujenzi wa namna hii uko katika kusubiri, na si kila kusubiri kuna hasara sawa. Msingi uliokwisha kujazwa vizuri unaweza kungoja mwaka bila kuharibika sana. Kuta za tofali za udongo zilizofika kwenye lenta na kuachwa bila paa haziwezi. Masika moja yatosha kuzilainisha. Tena familia yenye msingi bado inalipa kodi ya pango, na yenye kuta bila paa bado inalipa kodi hiyo hiyo. Siku nyumba inapopauliwa na mlango mmoja ukafungwa, hata kama hakuna dari wala plasta, familia huweza kuhamia, na kodi ikakoma.

Kutokana na hayo tunawashauri waamini wetu hivi: msingi na kuta vijengwe kwa akiba, hata kama vitachukua miaka; mkopo uje kwenye hatua ambayo ikikamilika familia italala humo au itafanya kazi humo. Kukopa kwa ajili ya msingi ni kulipa kodi na marejesho kwa wakati mmoja kwa ajili ya kitu ambacho bado hakimfuniki mtu. Mara nyingi tumewaona wanandoa wakikopa kuanza, wakamaliza nguvu zote kwenye msingi mpana wa vyumba vinne, kisha wakakaa wakiutazama ukiota nyasi. Bwana Yesu katika Injili ya Luka (14:28–30) anatumia mfano wa mtu huyu huyu, aliyetaka kujenga mnara bila kuketi kwanza kuhesabu gharama.

Tuchukue mfano wa familia inayopanga vyumba viwili kwa Sh 60,000 kwa mwezi, nayo imekwisha kufikisha kuta kwenye lenta. Kwa mbao, kenchi, misumari, mabati na ujira wa fundi imepungukiwa Sh 1,200,000. Ikikopa kiasi hicho kwa mwaka mmoja, rejesho litakuwa kama Sh 113,000 kwa mwezi pamoja na riba. Ikihamia, kodi iliyookolewa italipa zaidi kidogo ya nusu ya rejesho lile, na nusu iliyobaki itatoka katika biashara. Hesabu hiyo inaweza kubebeka. Lakini wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita kwa mpigo. Mkopo ukichukuliwa mwezi mmoja baada ya kodi hiyo kulipwa, miezi mitano ya kwanza familia haiokoi kitu. Ni jambo dogo la kalenda, na limewatesa wengi.

Kipimo cha uwezo wa kulipa kiwe mwezi mbaya kuliko yote, si mwezi wa sikukuu. Mwenye kujiajiri anajua miezi yake: Januari ya ada na sare za shule, wiki za mvua ambapo wateja hawatoki, Kwaresima kwa muuza nyama. Rejesho lisiloweza kulipwa katika mwezi huo ni kubwa mno, hata kama miezi mingine kumi na mmoja inaliruhusu.

Kuna hatua mbili ambazo watu huziacha mwishoni, nasi tungependa zisogezwe mbele. Ya kwanza ni choo. Mapadre huitwa kubariki nyumba mpya, na si mara moja tumekuta sebule yenye vigae na makochi, huku choo kikiwa shimo lililozungushiwa viroba. Ya pili ni sakafu. Katika jimbo la Coahuila, Mexico, serikali ilianza mwaka 2000 kuzimwagia saruji sakafu za udongo katika nyumba za maskini. Watafiti waliolinganisha familia hizo na nyingine za hali kama yao walikuta kwamba minyoo, kuhara na upungufu wa damu kwa watoto vilipungua kwa kiasi kikubwa, na akina mama walikuwa na furaha zaidi na makazi yao na msongo mdogo zaidi. Kule sakafu ilitolewa bure, haikukopeshwa. Lakini jamvi la chumba kimoja ni mojawapo ya kazi ndogo kabisa ambazo mkopo wa miezi sita unaweza kuzikamilisha.

Mahali pa kukopa

Mfanyabiashara mdogo akienda benki kuomba mkopo wa rehani huulizwa hati miliki na uthibitisho wa mshahara, naye mara nyingi hana kimojawapo. Tangu Sheria ya mwaka 2008 kuhusu mikopo ya rehani ya nyumba na kuanzishwa kwa kampuni ya TMRC inayoyapatia mabenki fedha za muda mrefu, mikopo hiyo imeongezeka, lakini bado huhesabiwa kwa maelfu machache katika nchi ambayo sensa ya 2022 iliikuta na watu 61,741,120. Mamilioni wengine wanazo karatasi za mauziano zilizoshuhudiwa na mwenyekiti wa mtaa, au leseni ya makazi, au, kijijini, hati ya haki miliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Karatasi hizo zina thamani na zitunzwe, ila si kila mkopeshaji atazipokea.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewagawa wakopeshaji katika madaraja manne chini ya Benki Kuu. La kwanza ni mabenki na taasisi zinazopokea amana. La pili ni makampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana. La tatu ni SACCOS, zinazosimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. La nne ni vikundi vya kijamii kama VICOBA. Mgawanyo huu si habari ya wanasheria tu. Unamwezesha mkopaji kumwuliza mkopeshaji yeyote swali moja rahisi: leseni au cheti chako cha usajili kiko wapi? Anayejibu kwa hasira au kwa maneno mengi ameshatoa jibu.

Kwa mkopo wa nyumba, tunaona SACCOS ndiyo inayofaa zaidi. Mwanachama huweka akiba kwanza, kisha hukopa kwa uwiano wa akiba yake, mara nyingi mara mbili au mara tatu. Na riba anayolipa hurudi kwa wanachama wenyewe, naye akiwa mmoja wao. VICOBA ina nidhamu nzuri ya kukutana kila wiki, lakini fedha zake huzunguka kwa muda mfupi, na vikundi vingi hugawana kila kitu mwisho wa mwaka. Mkopo wake wafaa kwa mlango, madirisha au bati chache. Faida yake kubwa kwa ujenzi iko kwenye siku ya mgao wenyewe: fedha huja kwa mkupuo, na familia iliyokwisha kupata bei ya mbao na mabati mapema huzinunua siku hiyo hiyo, kabla fedha haijapata wenyewe wengine.

Mikopo isiyo na riba ya halmashauri, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu), imekusudiwa shughuli za uzalishaji za vikundi. Kuichukua kwa jina la ufugaji kisha kuipeleka kwenye paa la mwanakikundi mmoja ni udanganyifu, na mzigo wake huwaangukia wenzake.

Riba, na jinsi ya kuihesabu

Watu wawili wanaweza kutajiwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi na wakalipa fedha tofauti kabisa. Tuurudie mkopo wetu wa Sh 1,200,000 kwa miezi kumi na miwili. Riba ikihesabiwa juu ya deni lililobaki, mwezi wa kwanza ni Sh 24,000, wa pili Sh 22,000, na hivyo hivyo hadi Sh 2,000 mwezi wa mwisho. Jumla ni Sh 156,000. Riba ikihesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo kila mwezi, hata baada ya sehemu kubwa kulipwa, jumla ni Sh 288,000. Tofauti ni Sh 132,000, fedha ya mabati kadhaa, na yote imefichwa katika neno moja ambalo mkopaji hakuuliza. Ongeza ada ya fomu, ada ya bima, na makato ya awali. Kwa hiyo swali la kumwuliza mkopeshaji si riba ni asilimia ngapi. Ni hili: nitapokea shilingi ngapi mkononi, na nitarudisha shilingi ngapi kwa jumla? Aliandike jibu.

Ile inayoitwa mikopo ya kausha damu iko mbali na hayo yote. Mtu akikopa Sh 300,000 kwa asilimia 20 kwa mwezi na kumudu kulipa riba tu, kila mwezi hutoa Sh 60,000. Baada ya miezi mitano amekwisha kurudisha Sh 300,000 kamili, na bado anadaiwa Sh 300,000. Jina walilolipa watu halihitaji ufafanuzi wa Padre.

Basi, je, riba ni halali? Katika Agano la Kale, Mungu anawakataza watu wake kumtoza riba ndugu aliye maskini (Kut 22:25), na Kanisa kwa karne nyingi lilipambana na wakopeshaji waliogeuza shida ya mtu kuwa chanzo cha faida. Lakini Kanisa halikuishia kukemea. Mwaka 1462, huko Perugia nchini Italia, kwa msukumo wa Ndugu Wadogo Wafransisko, ilianzishwa hazina ya kuwakopesha maskini, na nyingine nyingi zikafuata katika miji ya Italia. Likazuka swali kama hazina hizo zilitenda dhambi kwa kudai nyongeza kidogo ya kulipia watunzaji na pango. Mwaka 1515, wakati wa Mtaguso wa Tano wa Laterano, Papa Leo X aliamua kwamba nyongeza ya kiasi inayofidia gharama si riba iliyokatazwa. Papa Benedikto XIV, katika waraka wake Vix pervenit wa mwaka 1745, alirudia kukataza faida inayodaiwa kwa sababu ya mkopo peke yake, akikiri hapo hapo kwamba kunaweza kuwepo sababu nyingine za haki za kudai zaidi ya kilichokopeshwa. Ndiyo njia tunayoifuata: gharama halisi, hatari halisi ya kupoteza fedha na kushuka kwa thamani ya shilingi vinaweza kulipiwa. Kunyonya shida hakuwezi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (2269) inaliweka jambo hilo chini ya Amri ya Tano, ile inayokataza kuua, ikiwahesabu wenye pupa ambao riba zao huwaletea ndugu zao njaa na kifo kuwa ni wauaji kwa njia isiyo ya moja kwa moja.

Dhamana, na sahihi ya Padre

Sura ya 24 ya Kumbukumbu la Torati ina sheria mbili ambazo tungetamani kila afisa mikopo azisome. Ya kwanza (24:6) inakataza kuchukua rehani jiwe la kusagia, kwa kuwa huko ni kuchukua uhai wa mtu. Jiwe la kusagia la leo ni cherehani, jiko la gesi, friji ya biashara, bodaboda. Mkopeshaji anayelibeba amejinyima mwenyewe marejesho na ameinyima familia chakula. Ya pili (24:10–11) inamtaka mwenye kudai asiingie ndani ya nyumba ya mdaiwa, bali asimame nje, na mdaiwa mwenyewe amletee rehani. Heshima ya mlango wa maskini ililindwa na Torati. Wanaoingia majumbani mwa wajane kubeba magodoro mbele ya watoto wamevuka mlango huo.

Nyumba ya familia isiwekwe dhamana kwa ajili ya mkopo mdogo. Hatuoni sababu ya kiwanja cha mamilioni kufungwa kwa bati za laki kadhaa. Pale ambapo nyumba ya ndoa inawekwa rehani, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 zinataka ridhaa ya mwenzi. Mume anayeweka sahihi ya mke wake kwa siri, au mke anayefanya hivyo, anavunja sheria ya nchi na pia ahadi aliyoitoa mbele ya altare.

Kuhusu sahihi ya Padre: tunaweza kumtambulisha mwamini kwa barua, tukisema kwamba tunamfahamu na anaishi katika jumuiya fulani. Hatuwezi kumdhamini kwa jina la Parokia, kwa sababu mali ya Parokia si yetu. Tunawaomba pia viongozi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo wasikubali kufanywa wakusanya madeni. Wakopeshaji wengine huipenda jumuiya kwa sababu ya aibu: wanajua mtu atauza chochote ili asisemwe mbele ya wenzake wa rozari. Jumuiya ikishaingia katika kazi hiyo, mdaiwa ataacha kuja kusali, na atakuwa amepoteza vyote viwili. Wanajumuiya wakitaka kukopeshana, waunde kikundi chenye katiba na daftari lake, chenye mkutano wake na siku yake, mbali na sala.

Walioanza kwa kujifunza

Kanisa lina historia ndefu katika jambo hili, na sehemu yake nzuri si utoaji wa fedha. Mwaka 1900, huko Lévis, Québec, Alphonse Desjardins, mlei Mkatoliki, alianzisha chama cha akiba na mikopo cha watu wa kawaida, na vyama vya namna hiyo vikaenea parokia kwa parokia kwa msaada wa mapadre. Mwaka 1955 Padre John McNulty alianzisha Jirapa, kaskazini mwa Ghana, chama kinachotajwa kuwa cha kwanza cha namna hiyo barani Afrika.

Mfano ulio karibu zaidi na somo letu ni wa Reserve Mines, Nova Scotia, nchini Kanada, ambako Padre Jimmy Tompkins aliwahudumia wachimbaji wa makaa ya mawe waliokuwa wakiishi katika nyumba duni za kampuni. Hakuwatafutia mkopo kwanza. Waliketi jioni kwa miezi mingi katika vikundi vya kujifunza, wakihesabu mbao, saruji, riba na siku za kazi, wakisaidiwa na Mary Arnold, mwanamke aliyekuwa na uzoefu wa nyumba za ushirika huko New York. Ndipo wakakopa kutoka serikalini, na nguvu za mikono yao zikahesabiwa kuwa sehemu ya mchango wao. Mwaka 1938 nyumba zao za kwanza zilikuwa zimesimama, na mtaa ule ukaitwa Tompkinsville.

Kitu cha namna hiyo kinawezekana katika kigango chochote chenye fundi mmoja mwaminifu na mwalimu mmoja wa hesabu. Familia sita au nane zinazokusudia kupaua zinaweza kuketi pamoja, kupata bei za maduka matatu, kununua mabati kwa jumla, na kusaidiana siku za kazi. Wengine watagundua kwamba kwa kununua pamoja na kungoja miezi minne hawahitaji mkopo kabisa.

Limebaki jambo moja ambalo watu hawapendi kulitaja wakati wa kukopa, nalo ni kifo. Mkopaji akifariki, deni halizikwi naye. Msimamizi wa mirathi hulilipa kutokana na mali aliyoiacha, na wadhamini wanaweza kudaiwa. SACCOS nyingi na taasisi nyingi huwa na bima ya mkopo inayomaliza deni mkopaji anapofariki, lakini si zote, na nyingine hukata ada ya bima bila kueleza inalinda nini. Liulizwe kabla ya sahihi, na jibu liwe ndani ya mkataba. Mkataba huo, stakabadhi za marejesho na karatasi ya kiwanja, iliyoandikwa majina ya mume na mke wote wawili, vikae katika bahasha moja, mahali ambapo wote wawili na mtoto mmoja aliyekwisha kukua wanapajua.